Bata Akatwe Mabawa, au Aachwe?

(Maneno tuliyowaambia wafugaji wa kuku na bata waliokutana hapa Kitengela)



Tuliombwa tuseme juu ya ufugaji wa bata kwa jumla. Lakini tangu tulipofika mlangoni tumeulizwa swali moja tu: bata wangu anaruka ua anaenda kwa jirani, nimkate mabawa au nimwache? Basi leo tutajibu hilo. Na tutaanza na kosa letu wenyewe, maana tusipolisema sisi, jirani yetu yumo humu ndani na atalisema.

Nyumbani tuna ploti ya 50 kwa 100, kama wengi wenu. Tulikuwa na kuku kadhaa na bata watatu. Mmoja wao hakuwa wa kuliwa wala wa kuuzwa. Binti yetu alikuwa ameweka yai la bata chini ya kuku aliyekuwa akilalia, na yule kuku, aliyezoea siku 21, akavumilia siku 35 zote. Kifaranga akatoka, akaitwa Biskuti. Kila asubuhi Biskuti alimsindikiza mtoto mpaka kwa geti, na jioni akamngoja pale pale.

Alipopita miezi mitatu akaanza kuruka. Kwanza juu ya ua wa kayaba, halafu juu ya mabati ya jirani. Sasa, si mnajua mabati ya hapa kwetu ni kitu gani? Maji ya borehole yana chumvi, na ya kununua yana bei. Mvua ikinyesha, yale mabati ndiyo kisima chetu. Jirani akaja, akasimama nje ya mlango kwa adabu, akasema, "Dada, bata wenu simchukii. Lakini anakunya kwa maji ya kunywa ya watoto wangu." Hapo ungejibu nini? Alikuwa na haki.

Jioni ile ile tukachukua mkasi wa kushonea. Tukamshika Biskuti, tukakata mabawa yote mawili, upesi upesi, kabla mtoto hajamaliza kazi ya shule. Unyoya mmoja ukatoa damu. Tukasema ah, atapona. Akapona kweli.

Siku ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, nguchiro wakaingia kwa kundi kupitia chini ya ua. Kuku walitawanyika, wengine wakapanda juu ya mkokoteni. Wale bata wengine wawili wakapaa, wakatua barabarani. Biskuti alikimbia, akapiga mabawa, akaanguka. Binti aliporudi jioni tulimweleza yote. Hakulia mbele yetu. Aliuliza tu, "Mbona wale wengine waliruka?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tujifunze mambo haya, na yafaa tungekuwa tumeyajua kabla ya kushika mkasi.

Kwanza mjue bata mliye naye. Wengi mnaowaona hapa, wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Watu wa huko waliwafuga kabla Wazungu hawajafika. Ni ndege wa kulala juu ya miti, ana kucha za kushikia tawi, na jike lake ni jepesi, huruka vizuri sana. Dume huweza kuwa na uzito mara mbili ya jike, na akinenepa hana haja ya kupaa. Kwa hivyo ukiona mtu anafukuzana na dume zito na mkasi mkononi, mwambie aketi apumzike. Wale bata weupe wakubwa wa nyama nao karibu hawaruki kabisa. Na vifaranga waachwe, manyoya yao bado yanakua.

Pili, mjue unachokata. Unyoya uliokomaa ni kama ukucha, hauna damu wala uchungu. Lakini unyoya unaoota una damu ndani ya kijiti chake, na utauona kwa sababu kijiti ni cheusi-cheusi au cha buluu. Huo usiguswe, ngoja wiki chache. Sisi tulikata gizani, hatukuona. Ukiwahi kukosea, bana mahali pale kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, na isipokoma mwite daktari wa mifugo.

Hukatwa bawa moja tu. Watu husema tukate yote mawili ili awe sawa, na sisi tulifikiri hivyo. Akiwa sawa bado aweza kujirusha juu ya ua mfupi. Ukikata moja, akijaribu kupaa anayumba upande mmoja, anashuka. Unayokata ni yale manyoya marefu 10 ya kwenye ncha ya bawa, na mkasi hauingii ndani ya mstari wa manyoya mafupi yanayoyafunika. Hayaoti tena mpaka bata abadilishe manyoya, jambo linalotokea mara moja kwa mwaka hivi. Bata huyaangusha yale marefu yote kwa wakati mmoja, kwa hivyo kuna wiki kadhaa ambapo hata bata ambaye hujamgusa hawezi kuruka. Wiki hizo mchunge sana.

Kuna wanaokata kiungo chenyewe cha ncha ya bawa, ati wasirudie kazi. Huko ni kumkata mnyama mkono. Tunayo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nasi tunawasihi msiuguse mfupa. Na wale bata wa mwitu wanaotua kwenye mabwawa ya Nairobi National Park na kwa malambo yetu, hao si wa kukata wala kufuga. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali.

Sasa turudi kwa Biskuti. Tulipokuwa tukiamua, tulifikiria jirani na tukafikiria ua. Hatukufikiria nguchiro. Hapa Kitengela tunaishi mlangoni mwa mbuga. Ile Nairobi National Park iliyoanzishwa mwaka 1946 haina ua upande huu wa kusini, na wanyama hushuka mpaka kwetu. Tumezoea kuogopa usiku. Kijana wetu wa hapa, Richard Turere, alijulikana duniani mwaka 2013 kwa taa za kumulika alizobuni kuzuia simba wasivamie boma la kwao. Lakini nguchiro wengi hutembea mchana, wakati mtoto yuko shuleni na wewe uko sokoni. Mwewe naye ni wa mchana, na mbwa wa mtaani hana saa. Banda zuri linamlinda bata usiku. Mchana, bata anayezurura kwenye ploti analindwa na mabawa yake, na sisi tulikuwa tumeyachukua bila kumpa kitu kingine.

Kwa hivyo, mtu akituuliza leo nikate au nisikate, sisi tunamuuliza: mchana bata wako yuko wapi, na ni nani anayemwona? Kama yuko ndani ya waya uliofukiwa chini kidogo na kufunikwa juu, hata mkasi huuhitaji. Kama anazurura peke yake, usimkate, tafuta njia nyingine. Kama kuna mtu nyumbani siku nzima, na bata ni mgeni aliyenunuliwa juzi, au unakaa kando ya barabara ya Namanga ambako malori hayasimami, basi kata bawa moja, umchunge mpaka azoee kwako.

Njia nyingine zipo. Bata huruka sana akiwa na njaa, akikosa maji, au akiwa peke yake. Mpe chakula jioni kwa saa ile ile ndani ya banda, atarudi mwenyewe. Hahitaji bwawa. Karai la kutosha kuzamisha kichwa, aoshe macho na pua, linamtosha, na maji yale machafu umwagie sukuma wiki.

Na kuhusu mabati ya jirani. Alipokuja kutupa pole, jirani alituonyesha jambo ambalo tungelimaliza kwa siku moja. Tuliweka wavu kwenye mdomo wa tangi lake, na bomba la kumwaga nje maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha paa. Gharama tulilipa sisi. Maji ya kunywa bado anayachemsha, kama zamani.

Binti yetu hataki bata mwingine, na hatujamlazimisha.

Leo tumekuja na bata mmoja kwenye kikapu, jike la miezi mitano. Mwenyewe ni huyu kijana wa gredi ya sita. Bata amehamia kwao wiki jana, wako karibu na barabara, na nyanya yake yuko nyumbani kutwa nzima. Tumeshamweleza kijana yote tuliyowaambia, na tumekubaliana kwamba akisema hapana, mkasi unarudi mfukoni. Tusogee hapa penye mwanga. Kijana, mshike vizuri, mbawa zikiwa chini ya kwapa. Halafu utuambie.