Kabla Hujalipia Flashi

Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, na nyumba nyingi za Gatumba, nchini Burundi, zikaingiwa na maji. Vyeti, picha, hati za viwanja: karatasi ikilowa imekwisha. Ndiyo maana nakala kwenye flashi, ikitunzwa kwa ndugu anayeishi mbali na mto, ni akiba ya maana kwa mkazi wa hapa.

Lakini flashi ipi? Iliyoandikwa terabaiti 2 na kuuzwa kwa bei ya soda mbili ni ya kutiliwa shaka. Matapeli huchezea programu ya ndani ili kompyuta isome ukubwa usiokuwepo. Mnunuzi ananakili video zake, majina yote yanaonekana, lakini akizifungua, hazichezi. Dawa ni kuijaza flashi yote kisha kusoma upya kilichomo, kazi ambayo programu ya bure ya H2testw huifanya.

Kwa nyaraka tu, gigabaiti 16 zinatosha kabisa. Mwenye kupenda muziki garini akumbuke kwamba redio nyingi husoma mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili la gigabaiti 4 au zaidi.

Msikilizaji, dai risiti, ijaribu flashi siku hiyohiyo, na nakala ya pili uiweke kwenye kifaa kingine.