Chupa Hununuliwa kwa Mfuniko

Msikilizaji, chupa ya plastiki iliyobaki maji nusu, ikafungwa vizuri stendi ya Lushoto, ikifika Mombo huwa imebonyea ubavu bila kukaliwa na mtu. Lushoto mjini iko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kule chini barabara inakokutana na ile kuu iendayo Moshi, iko kwenye meta 400 hivi. Katika mwendo wa kilomita 30 na kitu, kona kwa kona kupitia Soni, mgandamizo wa hewa huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na plastiki nyembamba haina la kufanya ila kusalimu amri. Safari ya kupanda nayo ina vituko vyake. Chupa yenye mrija iliyojazwa na kufungwa Mombo, ukiifungua mdomo juu mlimani hurusha maji yenyewe, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani imetanuka na inayasukuma maji yapande mrijani. Ikiwa imelala kwenye begi pamoja na madaftari, hasara haihitaji kuelezwa. Naanza na jambo hili kwa sababu ndimo ilimo hoja yangu ya leo. Mnunuzi wa chupa ya kudumu huangalia rangi, mng'ao na uzito wa chuma, ilhali kinachoamua kama chupa hiyo itatumika miaka au miezi ni mfuniko wake, na baada ya mfuniko, upana wa mdomo.

Kabla ya kuufikia mfuniko, tujiulize kwa nini tuwe na chupa ya kudumu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mifuko hiyo ikapungua madukani na sokoni kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Chupa za maji hazikuguswa. Wenzetu wa Kenya, kuanzia tarehe 5 Juni 2020, walikwenda hatua zaidi kwa kuzuia plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwamo, katika hifadhi za taifa, misitu na fukwe zilizolindwa. Mipaka ya sheria na mipaka ya maji ni vitu viwili. Mto Umba unaanzia huku kwetu, kwenye milima ya Usambara, unavuka mpaka na kuingia baharini upande wa Kenya, karibu na Vanga. Maji ya Soni nayo hushuka Mombo, yakaingia Mkomazi, kisha Pangani, hadi Bahari ya Hindi. Kinachotupwa korongoni kwetu kina njia iliyo wazi mpaka pwani. Mtu atasema wapo wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. Wapo, na wanafanya kazi ya maana. Lakini lori la chupa tupu ni lori la hewa, na anayelipia mafuta ya kuishusha hewa hiyo kutoka Mtae au Mlalo hadi viwandani lazima apige hesabu mara mbili.

Basi tununue nini? Kuhusu malighafi nitapita haraka, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji wanapokawia zaidi. Stili isiyoshika kutu, ile inayoandikwa 18/8 au 304, ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, na inavumilia maji, chai na juisi bila kubadili ladha. Wako wanaopima kwa sumaku: isiponasa, wanasema ni stili bora. Kipimo hicho hakitoshi, maana zipo stili za daraja la chini zenye nikeli kidogo ambazo nazo hazinasi. Alumini ni nyepesi, ila kwa ndani hupakwa utando wa kuikinga. Chupa ikianguka na kubonyea, utando huweza kupasuka, na juisi ya pasheni au ukwaju, kwa ukali wake, ikaanza kula chuma. Kwa plastiki, geuza chupa usome namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 1 ndiyo ya chupa za maji ya dukani, iliyokusudiwa safari moja. Namba 2 na 5 ni ngumu zaidi na zinafaa kurudiwa.

Jambo moja katika malighafi linastahili kutusimamisha kidogo. Chupa za kuta mbili, zile zinazotunza joto, zimekuwa fahari ya kila duka, na mtu wa Lushoto anayeijua baridi ya Juni na Julai ana sababu ya kuzitamani kwa chai. Kwa maji ya kunywa, sababu hiyo inapungua. Huku juu maji ya kawaida yanabaki baridi yenyewe. Chupa ya ukuta mmoja ni nyepesi, ina bei nafuu, na ikiwa ni stili tupu isiyopakwa rangi, mfuniko ukiondolewa inaweza kuwekwa jikoni penye moto ikachemsha maji. Ya kuta mbili kamwe usiiweke motoni, kwa kuwa nafasi iliyofungwa kati ya kuta zake inaweza kupasuka kwa kishindo.

Sasa turudi kwenye mfuniko. Ufungue utazame ndani. Utaona mpira mwembamba wa mviringo, mara nyingi wa silikoni, na kazi yote ya kuzuia kuvuja iko hapo. Mpira huo hulegea, hukatika, huota ukungu, na siku ukipotea wakati wa kuosha, chupa nzima ya bei inageuka kuwa kopo. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: mpira huu unatoka? Ukitoka, je, unapatikana mwingine? Swali la pili ni hesi. Hesi pana na za kina, zinazohitaji mzunguko mmoja au miwili, hudumu kuliko vibanio na vitufe vya kubonyeza, kwa sababu kitufe kina springi, na springi ya bei rahisi hushika kutu. Mrija, kama tulivyoona, mlimani ni mgeni asiyezijua njia zetu, na juu ya hapo ndio sehemu ngumu kuliko zote kusafisha. Wazee wetu waliotumia vibuyu walilielewa hili bila darasa: kibuyu kilizibwa kwa gunzi la hindi, gunzi lilipochakaa likatupwa, likachongwa jingine, na kibuyu kikaendelea na kazi. Kikipata ufa, kilishonwa. Kilichochakaa upesi kilikuwa ndicho cha bei ndogo na chepesi kupatikana. Viwanda vya leo vimepindua mpango huo, vikatutengenezea mwili wa chuma wa kuishi miongo na mfuniko wa plastiki wa kuishi msimu.

Mdomo nao uwe mpana kiasi cha kupitisha mkono wa mtoto, au angalau brashi. Chupa yenye shingo nyembamba haioshwi, inasuuzwa tu, na tofauti utaijua kwa kidole: utelezi ulio kwenye kuta za ndani ni makazi ya vijidudu, na maji matupu hayauondoi. Sabuni na brashi huuondoa, kila siku. Kwa chupa ambayo shingo yake imeshakuwa nyembamba, punje za mchele na maji ya uvuguvugu, ukitikisa kwa nguvu, husaidia. Mchanga, ambao wengi huutumia, unakwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni maficho mapya. Dawa ya kusafishia nguo yenye klorini usiilaze usiku kucha ndani ya stili, maana klorini kali hutoboa vitundu vidogo hata kwenye chuma kisichoshika kutu. Ile kidogo iliyo katika vidonge vya kutibu maji ya kunywa haina madhara hayo. Kubwa zaidi kwa hali ya hewa ya Usambara ni kukausha. Ukungu unaposhuka Magamba na nguo zikakaa siku mbili kambani, chupa iliyofungwa ikiwa na unyevu nayo itaota ukungu wa aina nyingine, hasa chini ya mpira. Ilale wazi, mdomo chini, mfuniko pembeni, na mpira umetolewa.

Nasikia pingamizi, tena lenye haki. Mwananchi wa kijijini hanunui maji ya dukani kila siku. Anaokota chupa iliyokwisha kutumika, anaijaza na kwenda shamba. Kwa nini aambiwe habari za stili? Ukweli ni kwamba yeye ana takataka kidogo kuliko mtu wa mjini, na maoni haya hayamlengi kwa lawama. Anayelengwa ni mfanyakazi, mwanafunzi wa chuo, mwongozaji wa wageni na mgeni wake. Tuseme mtu ananunua nusu lita kwa shilingi 500, siku tano kwa wiki: kwa mwaka ametoa shilingi 130,000, na mkononi hana kitu. Lakini hata kwa yule wa kijijini chupa ya kuokota ina hatari yake. Chupa hizo hizo ndizo zinazobeba mafuta ya taa na dawa za mboga, bila alama yoyote, na mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Chupa ya maji isiyofanana na kitu kingine nyumbani ni kinga. Sikatai kwamba chupa angavu ya plastiki ina faida moja ambayo stili haina: ukiilaza juani kwa muda wa saa sita ikiwa na maji yasiyo na tope, mionzi ya jua huua vijidudu. Siku za mawingu, hata hivyo, njia hiyo hudai siku mbili mfululizo, na Lushoto haikopeshi jua kirahisi.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanamazingira wenyewe: kutengeneza chupa moja ya stili hutumia nishati nyingi kuliko kutengeneza moja ya plastiki. Kweli kabisa, na ndiyo maana nasisitiza utunzaji kuliko ununuzi. Mwenye chupa tano za stili kabatini, zilizonunuliwa kwa kufuata rangi, hajaupunguzia mlima mzigo wowote.

Linabaki suala la maji yenyewe, kwa sababu chupa bora ikijazwa maji machafu imebeba ugonjwa kwa ustadi. Kijito kinachong'aa kati ya mashamba ya kabichi na viazi kimepita penye mbolea na viuatilifu, na vitu hivyo kuchemsha hakuviondoi. Afadhali maji ya bomba au chemchemi iliyojengewa, iliyo juu ya mashamba. Wapo wanaohofia kwamba Lushoto maji huchemka yakiwa hayajafika nyuzi 100. Ni kweli, hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ila vijidudu vya maradhi hufa kabla ya hapo. Yakitokota sawasawa dakika moja inatosha, na ukipanda kuvuka meta 2,000 yaache dakika tatu.

Nyumba za wageni na shule zinaweza kuiondoa sababu kubwa ya mtu kununua chupa mpya, kwa kuweka ndoo ya maji yaliyotibiwa yenye koki, mahali panapoonekana, na koki iliyo juu kiasi cha chupa kuingia chini yake. Na wauzaji wa vyombo, ambao kila mwezi hushusha shehena ya chupa za rangi mpya, waagize pia pakiti za mipira ya mfuniko. Ni bidhaa ndogo, haichukui nafasi dukani, na mteja wake atarudi.