Mwanasheria Asome Kabla ya Sahihi



Kampuni inayolipia leseni ya programu ya kompyuta hainunui programu hiyo. Hununua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo haivuki mipaka iliyoandikwa katika mkataba. Kwa hiyo kazi ya mwanasheria si kugonga muhuri baada ya bei kukubaliwa, bali ni kuipima mipaka hiyo mapema.

Mfano ulio wazi ni shauri la SAP dhidi ya Diageo, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mjini London mwezi Februari, 2017. Chini ya mkataba wa 2004, Diageo ililipia programu ya SAP kwa hesabu ya watumiaji. Miaka ya 2011 na 2012 ikaunda mifumo miwili juu ya Salesforce: mmoja wa wauzaji wake, mwingine wa wateja kuagizia vinywaji. Mifumo hiyo ikaungwa na programu ya SAP. SAP ikadai zaidi ya pauni milioni 54. Diageo ilijitetea kwamba leseni ya kiungo cha mifumo, iliyokwisha kuilipia, ilitosha. Mahakama haikukubali, kwani mkataba ulihesabu hata matumizi yasiyo ya moja kwa moja.

Hapana budi, basi, mwanasheria aketi na mafundi, aulize ni nani watakaoitumia programu na kwa njia ipi. Na kila mfumo mpya unapoungwa, mkataba ufunguliwe na kusomwa upya. Mwanasheria anayeitwa baada ya madai kufika hubaki kuteta juu ya maneno yaliyokwisha kutiwa sahihi.