Nyaya Zinazotoka Kiwandani: Nani Atakayetia Saini?



Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini katika majengo ya siku hizi kazi ya kuunda mara nyingi haifanyiki mbele ya macho yetu. Chukueni mfano wa nyaya za umeme. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo fundi huchimba ukuta kwa patasi, akalaza mabomba ya plastiki, kisha akavuta nyaya moja baada ya nyingine. Hapa Uingereza, katika maofisi, hospitali, shule na maduka makubwa, umeenea mtindo mwingine. Nyaya hukatwa kwa kipimo kiwandani, hutiwa viunganishi kwenye ncha zake, hupimwa, kisha huletwa kwenye jengo zikiwa tayari. Kinachobaki ni kuchomeka ncha moja ndani ya nyingine, juu ya dari au chini ya sakafu. Kazi ambayo ingechukua majuma huenda ikamalizika kwa siku chache.

Mtindo huu haukuachwa ujiendee wenyewe. Mwaka 2009 Uingereza ilipata kiwango nambari BS 8488, kinachoeleza masharti ya usalama na vipimo vya nyaya za aina hii katika majengo. Viunganishi navyo vina kiwango chao cha kimataifa, IEC 61535. Nchini Marekani, kanuni ya taifa ya umeme imetenga kifungu cha 604 kwa ajili ya mifumo hiyo, na kwa kawaida huitaka iwekwe mahali pakavu, panapofikika.

Viwango hivi vinataka nini? Kwanza, kidole cha mtu kisiweze kugusa sehemu yenye umeme. Pili, waya wa ardhi, ambao ndio mlinzi wa maisha, uwe wa kwanza kuungana na wa mwisho kuachana. Tatu, kiunganishi kikishafungwa kisiachie kwa kuvutwa tu. Tena kiunganishi hiki si plagi ya pasi. Hakikutengenezwa kuchomolewa wakati umeme unapita, na mwenye kufanya hivyo anakaribisha cheche mkononi mwake.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini ukali wote huo juu ya kitu kidogo hivyo? Jibu ni joto. Tuseme kiunganishi kimelegea, kikawa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, na ampea 20 zinapita ndani yake. Hapo patazaliwa joto la wati 40, mahali pasipozidi ukubwa wa kidole gumba, juu ya dari ambako hakuna mtu anayeangalia. Kikata umeme hakitashtuka, kwa sababu umeme unaopita haukuzidi kiasi. Taa zitawaka kama kawaida. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi si fundi umeme, wapenzi wasikilizaji. Kazi yangu ni kutayarisha vipindi. Lakini miaka michache iliyopita niliwahi kushuhudia jambo ambalo sijalisahau. Ofisi tuliyokuwa tukihamia ilikuwa ikifungwa nyaya za namna hii, nami nilikwenda siku ya Jumamosi kuangalia chumba cha kurekodia. Vijana wawili walikuwa wakichomeka nyaya chini ya sakafu, mbio mbio, na hadi alasiri kila soketi ilikuwa na umeme. Kisha akaja mzee mmoja na mita yake ya kupimia, akaanza soketi moja baada ya nyingine, bila haraka. Msimamizi alimsihi atie saini kwenye hati, maana nyaya, alisema, zilishapimwa kiwandani na cheti kipo. Mzee akamjibu kwa upole kwamba cheti kile ni cha kiwanda, na saini hii ni yake.

Soketi ya mwisho kwenye pembe ilimpa kipimo kisichoridhisha cha waya wa ardhi. Sakafu ikafunuliwa. Ikaonekana kwamba waya mmoja ulioletwa ulikuwa mfupi, na vijana wale, badala ya kuagiza mwingine, walikuwa wameukata na kuuongezea kipande kwa mikono yao. Waya wa ardhi haukukazwa sawasawa na skrubu, uligusa tu. Kompyuta ingefanya kazi pale miaka mingi bila tatizo, mpaka siku umeme utakapovuja kwenye ganda la chuma la chombo fulani, na mtu akaweka mkono wake.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kiwango. Kiwanda huthibitisha kile kilichotoka mlangoni mwake, kikiwa kizima. Ukikikata, ukichanganya viunganishi vya watengenezaji wawili ambao havikupimwa pamoja, au ukiunga waya juu ya waya hata urefu ukapita ule uliokusudiwa, cheti kile hakikusemei tena. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za ufungaji wa umeme, BS 7671, zinadai ufungaji wowote mpya ukaguliwe na kupimwa papo hapo kwenye jengo: waya wa ardhi uwe haukukatika, maganda ya nyaya yawe mazima, na kila waya uwe mahali pake. Kazi ya mikono yaweza kuhamishiwa kiwandani, lakini ukaguzi wa mwisho hauhamishiki.

Najua kwamba wengi mnaonisikiliza mko ugenini, na kila mwezi mnatuma fedha za kujengea nyumbani. Huko nyaya bado hufungwa kwa mkono, lakini swali ni lile lile. Kenya ina mamlaka ya EPRA, na Tanzania ina EWURA, ambazo hutoa leseni kwa mafundi umeme. Basi kabla ya kutuma fedha za mwisho, usiulize tu kama taa zinawaka. Taa huwaka hata pale ambapo waya wa ardhi haupo. Uliza fundi ana leseni gani, alipima nini, alipata kipimo gani, na ni nani aliyetia saini.

Mzee yule alitoka ofisini saa tatu usiku, baada ya waya mzima kuletwa na kupimwa upya. Ndipo akatoa kalamu.