Dozi Haipimwi kwa Frangi

Pitieni karibu na kizuizi cha Bunagana, pale magari ya Kisoro yanapopanga foleni. Mama anaungua akikojoa. Anatoa frangi alizo nazo, muuzaji anashika mkasi, anakata plaketi: vidonge 4 vya sipro (ciprofloxacin). Tarehe ya kuisha dawa inabaki kwenye kipande cha pili, dukani.

Simlaumu mama. Tangu waasi wa M23 wauchukue mji huu tarehe 13 Juni 2022, nani ana pesa ya kuchezea? Nina neno na sisi wa redio, tunaopiga kelele "malizeni dozi!" bila kusema dozi ipi.

Chukueni nitrofurantoini, dawa ya infeksio ya mkojo: ile ya kawaida, ya miligramu 50, humezwa kila baada ya saa 6 kwa siku 5: vidonge 20. Ipo nyingine ya miligramu 100, inayojiachia polepole. Hiyo ni mara 2 kwa siku. Ukimeza ile ya 50 kwa saa za hii ya 100, bakteria wanapata nafasi ya kupumua. Siku zinahesabiwa kufuata dawa, hata kama maumivu yamepoa jana.

Na Bactrim, ile ya kila nyumba? Utafiti wa HATUA uliofanyika Uganda, ikiwemo Mbarara si mbali na sisi, na pia Kenya na Tanzania, ulipima watu zaidi ya 7,500 wenye dalili za infeksio ya mkojo. Takribani theluthi moja tu ndio maabara ilithibitisha kweli wanayo. Tena bakteria wengi walishaizoea trimethoprimu, iliyomo ndani ya Bactrim. Kuinunua kwa kubahatisha ni kamari, kusema kweli.

Sipro nayo Shirika la Afya Duniani (OMS) limeiweka kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Tuitunze kwa ajili ya infeksio ya figo, maana nitrofurantoini haifiki huko vya kutosha. Ukiwa na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavu, acha farmasi, nenda kituo cha afya. Mwenye mimba aseme mapema: nitrofurantoini haifai akikaribia kujifungua.

Wenye farmasi, mteja akiwa na pesa ya vidonge 4 kati ya 20, mpeni vyote. Jirani yenu anakopesha sukari. Na vidonge 16 vinaweza kuandikwa kwenye daftari la madeni.