Kocha Eddie Robinson: Darasa Kwanza, Uwanja Baadaye
Hotuba kwa makocha wa mashinani na walimu wa michezo



Hotuba ya leo inamhusu Eddie Robinson, kocha wa Marekani aliyefundisha timu ya chuo kimoja tu, Grambling, jimbo la Louisiana, tangu 1941 hadi 1997. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono. Si kandanda mliyoizoea, lakini kazi ya kocha ni ile ile.

Robinson alizaliwa 1919 katika familia maskini. Aliajiriwa akiwa na miaka 22, kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari, akawafunga wachezaji bandeji. Wakati huo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria kusini mwa Marekani. Vyuo vya wazungu vilikataa vijana weusi, na timu iliposafiri, mikahawa mingi haikuwahudumia. Ilibidi wabebe chakula chao.

Hata hivyo, mwaka wa 1942 timu yake ilishinda mechi zote bila kufungwa hata pointi moja. Mwaka wa 1949 mchezaji wake, Paul "Tank" Younger, alikuwa wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuchezea ligi ya kulipwa ya NFL. Kwa jumla, zaidi ya wachezaji 200 wa Robinson walifika ligi za kulipwa. Mmoja wao, Doug Williams, aliiongoza timu yake kushinda fainali ya Super Bowl mwaka wa 1988, akatajwa mchezaji bora wa siku hiyo.

Robinson alistaafu akiwa na ushindi mara 408. Lakini wanafunzi wake wanakumbuka zaidi kengele. Asubuhi alipita bwenini akiipiga, kuwaamsha waende darasani. Alijua kwamba wengi wa wachezaji hawangeishi kwa mpira. Goti likiumia, cheti hubaki.

Miaka yake mitatu ya mwisho timu ilishindwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda, na wapo waliomtaka aondoke mapema. Alipofariki mwaka wa 2007, waliojitokeza kumuaga hawakuja kwa sababu ya misimu hiyo. Walikuja kwa sababu aliwalea.

Makocha, mnawajua vijana wenu kwa majina na kwa nambari za jezi. Je, mnajua nani kati yao hakufika shuleni wiki hii? Nanyi wazazi, mtoto akisifiwa uwanjani, ulizeni pia daftari lake liko wapi. Kombe hukaa kabatini. Kijana hurudi kijijini, na atakachorudi nacho kinategemea sana mtu aliyemfundisha.