Bei ya Haki kwa Gari Linalogombewa

Wasikilizaji wetu, wazee walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jioni hii twapenda kusema nanyi habari za kitu kizuri kinachojiuza chenyewe, na shida impatayo mtu atakaye kukinunua bila kupunjwa. Kitu chenyewe ni gari dogo la mizigo, lile liitwalo pikapu. Nchi tutakayoitazama ni Marekani, kwa kuwa huko gari la namna hii lapendwa mno, na huko mambo haya yalionekana wazi katika miaka ya 2021 na 2022.

Huku kwetu hata mtoto aliyetumwa samaki sokoni ajua kusema, "Punguza." Mmarekani sivyo. Akienda kununua mkate au shati hulipa bei iliyoandikwa, wala hasemi neno. Lakini afikapo kwa muuzaji wa magari mapya, mtu huyo huyo hujikuta katika mapatano asiyoyazoea, na mbele yake ameketi mtu ambaye mapatano hayo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Sababu yake ni hii. Viwanda vingi vikubwa vya magari haviuzi kwa mkono wao wenyewe. Huyapeleka magari kwa wenye maduka, nao ndio wauzao. Kiwanda hupendekeza bei tu. Mwaka 1958 ilipitishwa sheria, kwa juhudi za Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma, ya kwamba magari mapya yabandikwe dirishani karatasi ionyeshayo bei hiyo pamoja na nauli ya kulileta gari. Pikapu nazo huja na karatasi ya namna hiyo. Lakini angalieni: bei ile ni pendekezo, si amri. Magari yakijaa uani, mwenye duka huuza chini yake. Wanunuzi wakizidi magari, huuza juu yake.

Basi mwezi wa Juni mwaka 2021 kiwanda cha Ford kilitangaza pikapu ndogo iitwayo Maverick, ambayo mtambo wake hutumia petroli na umeme pamoja, hata ikala mafuta kidogo. Bei yake ya chini ilikuwa dola 19,995, na nauli dola 1,495, jumla dola 21,490. Tangu hapo bei imepanda, lakini wakati ule ilikuwa nafuu sana kwa gari jipya la kazi, na watu waliikimbilia. Tena ulikuwa wakati wa uhaba, kwa maana viwanda vya dunia nzima vilikosa vile vijipande vidogo vya elektroniki viongozavyo mitambo ya gari. Mwezi wa Januari mwaka 2022 Ford ilisimamisha kupokea maagizo mapya ya Maverick za mwaka ule, kwa sababu yaliyokwisha kupokewa yaliwazidi.

Hapo ndipo baadhi ya wenye maduka walipobandika karatasi ya pili kando ya ile ya kwanza, wakaongeza maelfu ya dola na kuyaita "marekebisho ya soko". Mtu aliyeweka akiba kwa gari la dola 21,490 aweza kuambiwa alete 26,000. Naye pengine ni fundi wa mabomba au mkulima, na fedha ile ya ziada ndiyo ingalinunua vyombo vyake vya kazi au mbegu za mwaka ujao. Afanyeje?

Neno la kwanza, aijue bei kabla hajatoka nyumbani. Wakati wa uhaba haifai kutumaini kupunguziwa sana; mwenye duka ajua kwamba nyuma yako wako wengine kumi. Kwa hiyo kwa gari linalogombewa, bei ya haki kwa kawaida ni ile ile ya kiwanda. Aipataye hiyo bila nyongeza amefanya biashara njema, wala asione haya kwamba hakupunguziwa hata senti moja.

Neno la pili, aulize kwa wengi. Si wote walioongeza bei. Wako waliouza kwa bei ya kiwanda, kwa kuwa walitaka mnunuzi arudi kwao kwa matengenezo na kwa gari la pili. Mnunuzi mwenye busara huwaandikia wenye maduka wengi, hata wa miji ya mbali, akiwauliza swali moja tu: "Fedha zote zitakazonitoka, mpaka gari liondoke uani kwako, ni ngapi?" Swali hili lina nguvu kuliko kubishana saa tatu, maana jibu lake lajumlisha bei, nauli, kodi, ada za hati, na vikorokoro vya dukani, kama dawa ya kulinda rangi, ambavyo hukuviomba. Mara nyingi mtu hushinda katika bei, akashindwa katika vikorokoro.

Neno la tatu, asikubali kusemeshwa kwa hesabu ya mwezi. Muuzaji hupenda kuuliza, "Waweza kulipa kiasi gani kila mwezi?" Swali hili lasikika kama huruma, lakini hebu tupige hesabu. Tuseme mtu amekopa dola 24,000 kwa riba ya sita kwa mia kwa mwaka. Akilipa kwa miezi 48, kila mwezi atatoa dola 564 hivi. Akilipa kwa miezi 72, atatoa dola 398 hivi, naye atadhani amepunguziwa. Kumbe mwisho wa deni atakuwa amelipa dola 1,580 na zaidi kuliko yule wa kwanza, na gari ni lile lile. Basi kwanza yapatanwe bei ya gari. Habari ya mkopo ije baadaye, tena baada ya kuuliza riba ya benki nyingine. Na kama ana gari la zamani la kutoa, bei yake ipatanwe peke yake, isichanganywe na bei ya jipya.

Neno la nne, mapatano yaandikwe. Watu wengi waliagiza gari kiwandani kwa mkono wa mwenye duka, wakangoja miezi mingi. Wengine walipofika kulichukua waliambiwa kwamba bei imebadilika. Aliyekuwa na karatasi yenye bei na sahihi ya mwenye duka alikuwa na la kusema. Aliyeshika ahadi ya mdomo alirudi na maneno matupu. Kabla ya kutoa arubuni, mtu aulize tena kama itarudishwa iwapo hakutaka gari. Na kabla hajatia sahihi yake mwenyewe asome mpaka mwisho, kwa sababu sheria ya serikali kuu ya Marekani haimpi mnunuzi wa gari dukani siku tatu za kujuta, kama wengi wanavyodhani.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: awe tayari kuondoka. Nyongeza ile hupata nguvu yake katika haraka ya mnunuzi. Ambaye gari lake la zamani bado latembea ana silaha ambayo muuzaji hawezi kumnyang'anya, nayo ni kungoja. Asitukane, wala asipige kelele. Aseme, "Ahsante, bei hii siiwezi," aende zake. Pengine ataitwa kabla hajafika mlangoni, pengine hataitwa. Asipoitwa, hakupoteza kitu. Fedha zake zingali mfukoni, na duniani kuna maduka mengine.

Wasikilizaji wetu, si wote kati yetu watakaonunua pikapu, wala si wote watakaofika Marekani. Lakini cherehani, baiskeli, pampu ya maji au gari la chama cha wakulima, vyote vyaweza kugombewa siku moja, na siku hiyo mwuzaji atatuambia, "Chukua sasa, kesho hutakipata." Tukumbuke basi kwamba mwenye kujua bei, mwenye karatasi mkononi na mwenye subira hadanganyiki upesi. Haraka haraka haina baraka, na kwa mnunuzi haraka ina gharama yake pia, nayo huandikwa chini kabisa ya hesabu, mahali ambapo wengi hawasomi.

Kwaherini.